Joho Lililovuka Ua wa Stimani

Jina langu ni Nekesa. Nina miaka ishirini. Niliishia darasa la nane, na mkono ninaoandikia una vidole vitatu, kwa hiyo maneno haya yamenichukua wiki nyingi. Nimeombwa mara mbili kusimama kanisani nishuhudie, na mara zote mbili nilibaki nimekaa nikitazama viatu vyangu. Basi nimeandika. Anayeweza kusoma amsomee asiyeweza.

Kabla ya ajali, mimi na mama tulikuwa tunafua nguo za watu. Tuliishi Kitale, upande wa Tuwan, katika nyumba za kupanga zilizo nyuma ya kituo kidogo cha umeme. Ndani ya kituo kuna mashine kubwa za rangi ya kijivu, nguzo za chuma, na waya zinazoingia kutoka mbali na kutoka tena kwenda mitaani. Mashine hizo hunguruma mchana na usiku kama mzinga wa nyuki. Mgeni akilala kwetu alikuwa akiuliza asubuhi ni nini hicho. Sisi tulikuwa hatusikii tena. Mahali hapo tulipaita Stimani, kwa kuwa kwetu umeme huitwa stima.

Kituo kimezungushiwa ua wa waya mrefu kupita kimo cha mtu, na ua huo ndio uliokuwa kamba yetu ya nguo. Vyumba vyetu havina uwanja, lakini ua una jua tangu asubuhi, na mlinzi yuko pale, kwa hiyo hakuna wa kuiba shuka. Kila mwanamke alikuwa na sehemu yake. Mipaka ilionyeshwa kwa vitambaa vilivyofungwa kwenye nguzo. Vyetu vilikuwa vya kijani, kwenye nguzo ya tatu na ya sita, na mama aliachiwa sehemu hiyo na mama mmoja mzee aliyerudi kwao Matulo. Ukianika kwa sehemu ya mwingine, mtaa wote ulijua kabla nguo haijakauka.

Mlinzi aliitwa Mzee Barasa, lakini sote tulimwita Soja. Alikuwa akitembea kando ya ua akisema, "Akina mama, hii ua ni ya stima ama ni ya matandiko?"

Mama Njeri, jirani yetu mwenye ng'ombe wa maziwa, ndiye aliyekuwa akimjibu. Watu wake walitoka upande wa Nyeri zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia. "Soja, hata hiyo shati umevaa ilikauka hapa. Wacha maneno."

Soja alicheka, kisha akasema lile neno alilosema kila siku. "Anikeni. Lakini kitu kikivuka ndani, msikifuate. Mniambie nipige simu, wenye kazi yao waje." Alilisema mara nyingi mpaka likawa kama ule mngurumo. Tulikuwa hatulisikii tena.

Lazima niseme jambo moja juu yangu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi ni mtu wa haya. Nikiwa darasa la tatu nilijikojolea kwenye dawati kwa sababu niliogopa kuinua mkono kuomba ruhusa. Mama alizoea kunisemea. Dukani, shuleni, hata kwa jamaa, watu waliniuliza swali na mama akajibu.

Ilikuwa Jumamosi, msimu wa mvua za mchana. Tulikuwa tumefua majoho kumi na mawili ya kwaya, ya rangi ya zambarau. Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Wafula, ana sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti. Alikuwa amemwambia mama, "Kesho saa moja asubuhi tunaenda kuimba Webuye. Nataka yote kumi na mawili, Mama Nekesa. Si kumi na moja." Alisema kwa utani. Mimi nilisikia kama amri.

Saa nane mama alikuwa ameenda kupeleka nguo za mteja mwingine. Upepo wa mvua ukaja. Nilikimbia kutoa majoho, na nilipofika la tisa, la kumi likaruka. Lilipaa juu ya ua, likajifungua kama ndege, likaenda kunasa kwenye chuma upande wa ndani, chini kidogo ya waya za stima. Lilikuwa bado bichi, maji yanadondoka.

Nilimwendea Soja nikamwonyesha kwa kidole. Alipiga simu, akaongea, akarudi.

"Wako mbali, kuna kazi ingine. Wanasema wanakuja kesho jioni. Ni sawa, hiyo nguo haiendi mahali. Wewe mwambie tu mwalimu." Kisha akakimbia kufunga kibanda chake kwa sababu ya mvua.

Mwambie tu mwalimu. Nilisimama pale nikijaribu maneno kimoyomoyo. Mwalimu, joho moja limevuka. Mwalimu, yako kumi na moja. Kila nilipofika mahali ambapo yeye angenijibu, nilirudi mwanzo. Sikumwogopa kwa sababu ni mbaya. Niliogopa kusimama mbele yake na kusema.

Tulikuwa na paipu ndefu ya chuma tuliyoitumia kuinua mablanketi hadi juu ya ua. Nilipanda juu ya jiwe la kufulia, nikaipitisha paipu juu ya ua, nikanasa joho kwenye kola. Nilivuta. Lilikuja kidogo. Nilivuta tena, na mkono mmoja wa joho, mzito kwa maji, ukaruka juu ukaangukia waya.

Mimi mwenyewe sikugusa waya. Wengi hawaamini nikiwaambia. Nilisikia mlio kama lango kubwa la chuma likibamizwa ndani ya kichwa changu. Baada ya hapo sikumbuki.

Yaliyofuata niliambiwa. Stima ilipotea mtaa wote. Nilianguka chali kwenye matope, moshi ukitoka kwenye kiganja. Mama Njeri alifika wa kwanza, na Soja akamzuia kwa rungu lake. "Usimguse. Ngoja nitoe hiyo paipu." Aliisukuma mbali kwa ubao mkavu. Nilikuwa napumua. Soja alisema, "Sasa hospitali. Tafuteni gari."

Lakini akina mama walikuwa na haraka nyingine. Nyuma ya nyumba kulikuwa kunachimbwa shimo la choo kipya, na udongo wake ulikuwa umerundikwa pembeni. Mama Njeri alisema, "Stima bado iko ndani yake. Udongo utaivuta, kwanza tumfukie." Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesikia hivyo kwao. Wa Bungoma walisikia kwa nyanya zao, na wa Nyeri kwa zao. Mama alipofika mbio, kanga ikianguka, alikuta wananichimbia. Alipiga magoti akachimba nao kwa mikono.

Walinilaza na kunifukia hadi shingoni. Kumbukumbu yangu ya kwanza ni hiyo, baridi ya udongo kifuani na maziwa yakiingia puani. Mama Njeri alikuwa akininywesha kwa kikombe, akilia na kusema, "Meza, mtoto wangu, maziwa inaua sumu." Mkono wangu wa kulia haukuuma kabisa. Ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nilikaa humo hadi mvua ilipokuwa kubwa, labda saa nzima. Ndipo Soja akapata gari la jirani.

Hospitalini walinipokea haraka. Kiganja kilikuwa cheusi katikati na cheupe pembeni kama ugali ulioungua. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na tundu ambalo kidole kingeingia, mahali stima ilipotokea. Walinipima moyo kwa mashine, wakaniwekea maji ya mshipa. Waliosha udongo waliouona, na mama akasema nilianguka kwenye matope.

Muuguzi aliuliza, "Kuna kitu mliweka kwa kidonda? Dawa ya kienyeji, kitu yoyote?"

Mama alinitazama, kisha akasema, "Hakuna."

Najua kwa nini alisema hivyo. Aliogopa wangemwita mshamba. Mimi nilinyamaza kwa sababu mama amejibu, na mama akijibu mimi huwa nimejibu.

Daktari alikuwa kijana, pengine hajafika miaka thelathini. Alisimama kando ya kitanda akasema, "Stima ikipita kwa mwili inachoma nyama ya ndani, ile hatuioni. Hiyo nyama ikikufa, uchafu wake unaenda kwa figo. Kwa hivyo nataka kuona mkojo. Tunaweza kukuwekea mpira wa kutoa mkojo."

Nilitikisa kichwa. Sikutaka kijana yule, wala mtu mwingine, aniwekee mpira huko.

"Basi ukienda, weka kwa hii chupa, muuguzi aone rangi. Ikiwa nyeusi tuambie mara moja. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa.

Jioni mama alinishika nikaenda chooni. Mkojo ulikuwa kidogo, rangi ya chai ya mkandaa iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi. Niliutazama ndani ya chupa. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na wageni wamejaa, na ningepita katikati yao nikiwa nimeubeba. Nilimwaga. Muuguzi alipouliza nilisema, "Ni ya kawaida." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyosema hospitalini, na yalikuwa ya uongo.

Jumapili nilimwaga tena mara mbili, kila mara kidogo kuliko ya kwanza. Jumatatu haukutoka. Uso ulivimba, macho yakawa kama ya mtu aliyelia wiki nzima. Kila nilichokula kilirudi. Mkono ulivimba hadi ngozi ikang'aa, na chini ya bandeji kulianza harufu. Naijua harufu ya kila uchafu, nimefua nguo za watoto na za wagonjwa. Hiyo ilikuwa ya panya aliyekufa nyuma ya kabati. Nilijua inatoka kwangu.

Jumanne asubuhi daktari alikuja na mkubwa wake na wanafunzi watano au sita. Walifungua bandeji. Mwanafunzi mmoja alirudi nyuma hatua moja. Mkubwa alibonyeza mkono, akanusa, akazungumza na daktari kijana kwa Kiingereza. Kisha daktari akamgeukia mama.

"Mama, huu mkono umeoza haraka kuliko tulivyotarajia. Na damu inaonyesha figo zinachoka, na sisi tuliambiwa mkojo ni sawa. Hatuelewi. Kama hatujui ni nini tunapigana nayo, itabidi tukate hapa." Aliweka kidole juu ya kiwiko changu. "Leo. Na hata tukikata, figo inaweza kukataa. Kuna kitu hamjatuambia?"

Mama alifungua mdomo akaufunga. Machozi yalimtoka. Nilimngoja anijibie kama siku zote. Niliona hawezi. Alikuwa amefungwa na lile "hakuna" lake, kama mimi nilivyofungwa na langu.

Nilitazama watu wale wote waliovaa nyeupe. Nikasema, "Nilifukiwa."

"Ulifanywa nini?"

"Nilifukiwa kwa udongo. Udongo wa shimo ya choo. Kidonda kikiwa wazi. Na mkojo ni mweusi tangu Jumamosi. Nimekuwa nikimwaga. Jana haukuja."

Nilingoja kukemewa. Daktari kijana alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akashusha pumzi.

"Asante," alisema. "Asante sana. Sasa tuna kazi ya kufanya."

Walibadilisha dawa saa hiyohiyo. Waliniwekea mpira, na ukweli ni kwamba haukuchukua muda hata wa kuona haya. Waliupasua mkono kwa urefu ili uvimbe upate njia, wakatoa nyama iliyokufa pamoja na punje za udongo zilizokuwa zimejificha ndani. Mchana nilipelekwa kwa ambulansi hadi hospitali nyingine upande wa Bungoma, kwenye mashine ya kuosha damu. Muuguzi wa huko aliponieleza kazi ya mashine nilitaka kucheka. Mimi wa kufua nguo za watu, sasa damu yangu ndiyo imepelekwa kufuliwa.

Niliunganishwa na mashine hiyo mara nyingi. Ilikuwa ikiniacha baridi hadi mifupani, na miguu inakazana. Nilipasuliwa mkono mara nne. Walikata kidole kidogo na cha pete. Walichukua ngozi ya paja wakaishona kwenye kiganja, na niwaambie ukweli, paja liliuma kuliko kiganja. Asubuhi moja muuguzi aliinua mfuko wa mkojo juu, akauweka mbele ya dirisha. Ulikuwa mwingi, wa rangi ya majani makavu ya mahindi. "Nekesa, umeona hii dhahabu?" alisema. Wanawake wa vitanda vya jirani wakapiga makofi. Nilifunika uso kwa shuka, lakini nilikuwa natabasamu.

Nilipotoka tulienda Tongaren kwa mama wa mama yangu, ambaye namwita Kukhu. Hapo mahindi yanafika hadi mlangoni. Kukhu hakunionea huruma. Alinipa mahindi nipukuchue kwa mkono ule mbaya. "Hiyo ni mkono, si yai," alisema. "Itumie." Nililia siku nyingi juu ya ungo wa mahindi. Lakini vidole vitatu vilianza kukunja.

Mama Njeri alikuja kutuona akiwa na chupa ya maziwa. Kukhu alimpa chai, naye hakuinywa. Alikaa na kikombe magotini hadi chai ikafanya utando.

"Nilikuzika, Nekesa," alisema. "Soja alisema hospitali. Mimi nikasema udongo."

Mama alisema, "Tulichimba wote. Hata mimi."

Zamani ningenyamaza. Nilimwambia, "Mama Njeri, daktari alinieleza. Stima haikai mwilini. Inapita mara moja na kwenda. Inachoacha ni kidonda, na kidonda kinataka usafi na hospitali. Hukujua. Hata mimi nilijua rangi ya mkojo wangu na nikaficha. Kati yetu sijui nani alinizika zaidi. Kunywa chai."

Alikunywa hiyo baridi hivyohivyo, na utando wake.

Tuliporudi Kitale jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kwenda kwa Mwalimu Wafula. Nilienda peke yangu. Nilimkuta akipanga viti kanisani, nikamwambia bila salamu ndefu, "Mwalimu, lile joho lilivuka ua. Niliogopa kukuambia."

Alikaa kwenye kiti. Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha. "Nekesa," alisema, "ndani ya hilo kabati kuna majoho mengine matatu ya zamani. Siku hiyo tungechukua moja tu, twende."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyoufikiria mkono. Lilikuwa pale kwenye kabati siku ile yote, likingoja niulize.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia pumzi nikiwa kwenye matope. Namshukuru Soja na ubao wake mkavu, na yule daktari aliyesema asante badala ya kunigombeza. Angenigombeza, sijui kama ningemaliza kusema. Namshukuru mama, ambaye siku hizi nikiulizwa swali anafunga mdomo wake na kungoja, hata ikichukua muda.

Ninyi mnaoishi karibu na vituo kama chetu, kitu kikivuka ua, kiacheni. Kilicho kibichi hubeba stima. Mtu akipigwa, msimguse hadi kile kinacholeta stima kiondolewe, na msimfukie, msimmwagie chochote, mpelekeni hospitali. Na mkiwa hospitalini, semeni yote. Semeni yaliyofanywa kwa mapenzi na yaliyofanywa kwa ujinga. Semeni hata rangi ya mkojo. Daktari hawezi kutibu jambo ulilolimwaga chooni.

Mama alifungua vitambaa vyetu vya kijani kutoka nguzo ya tatu na ya sita. Hakumwambia mtu afanye vile. Mmoja mmoja wengine walifungua vyao, na tukaomba mwenye nyumba atufungie kamba juu ya paa la vyumba. Haina jua kama la ua, na tunagombana juu ya nafasi kila siku.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani, msichana wa miaka minane, alikuwa akipita njiani na upepo ukamnyang'anya kitambaa cha kichwa. Kilivuka, kikanasa karibu na mahali palepale. Nilimkuta ameshika waya za ua, anaangalia huku na huku, na nilijua anachotafuta. Anatafuta kijiti.

"Ni ya mama," alisema kwa sauti ndogo. "Atanichapa."

"Hatakuchapa. Twende tumwambie pamoja. Nitaanza mimi, halafu utamalizia."

Tulimwambia Soja, akapiga simu. Tulimwambia mama yake, na mtoto alimalizia mwenyewe, polepole. Wenye kazi yao walikuja siku ya tano. Kwa siku nne kitambaa hicho kilipepea ndani ya ua, kikapauka kwa jua, na kila aliyepita alikitazama akaenda zake.